Ukurasa wa Mia Nne na Kumi na Tano

9 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa kuwa ya mwaka mpya sikuituma.

Huku tuna nguvu. Mke wangu ameingia mwezi wa sita, na anasema mtoto anarusha mateke kila nikianza kuhubiri. Mimi nalichukua jambo hilo kama sifa, yeye analichukua kama malalamiko. Mama alifika wiki iliyopita na mabegi mawili na cherehani yake. Anasema amekuja kumsaidia mkamwana mpaka mtoto azaliwe, lakini mtu habebi cherehani kwa ajili ya miezi mitatu, kwa hiyo nimeshampangia chumba. Ni yule yule unayemjua. Jumapili meza ya Bwana ikianza kuandaliwa, anainuka polepole na kutoka nje kuangalia mvua. Amekuwa akitoka hivyo tangu nikiwa mtoto. Juzi jua lilikuwa kali mpaka mabati yanalia, naye akatoka kuangalia mvua. Nimeshazoea.

Kanisa nililopewa limepakana ukuta kwa ukuta na jengo la kufulia nguo la hospitali. Kuna waumini kama mia tatu, kwaya mbili ambazo hazisalimiani, na mzee wa kanisa tunayemwita Mzee wa Funguo, aliyekuwa mtunza stoo hospitalini kwa miaka thelathini na hajaacha kazi hiyo moyoni. Ana funguo za kila mlango, kuanzia lango mpaka kabati la vitabu vya nyimbo. Nikitaka chaki, nasaini.

Sasa kuhusu kitabu chako. Nina jambo la kuungama, na nakuomba usinune. Dirisha la ofisi yangu halina komeo. Upepo ukija linajipiga mpaka nasahau ninachoandika, na katika vitu vyote vilivyomo humu ndani, ni Ufafanuzi wako peke yake ulioweza kulishikilia. Kurasa mia saba na themanini juu ya barua moja ya mtume. Hakuna upepo unaousogeza.

Nilijaribu kuusoma, Mungu ni shahidi. Niliufungua katikati nikakuta kurasa nne kuhusu upana wa chumba cha kulia cha nyumba za enzi hizo. Upana, Mama Mkubwa. Wiki hii nimezika wawili, nimefungisha ndoa moja, nimezipatanisha kwaya zangu na zikagombana tena kabla sijafika nyumbani. Mahubiri nayaandika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na watu wanatoka wameridhika. Mchungaji anahitaji magoti na sauti. Upana wa chumba atauulizia fundi ujenzi.

Kwani hakuna muhtasari?

Mwanao mchungaji


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili.

Nashukuru kusikia kwamba mko salama. Mimi nipo. Tangu nistaafu chuoni nimehamishia meza yangu ya kazi chumbani kwangu, karibu na dirisha. Dirisha langu lina komeo. Magoti yananisumbua, lakini kichwa bado kinafanya kazi, na kwa kazi niliyonayo ni afadhali hivyo kuliko kinyume chake. Jirani yangu ni fundi redio, na kwa jinsi anavyozijaribu, nasikiliza habari za dunia nzima kwa wakati mmoja.

Sijanuna. Nilicheka, nikaisoma barua tena, nikacheka tena. Umenikuta nikiwa na ugomvi na mhariri. Kitabu kinatoka kwa chapa ya pili, naye anataka kukikata theluthi moja. Anasema wachungaji hawakisomi. Ameniandikia: nionyeshe mchungaji mmoja. Nilitaka kumjibu kwamba ninaye katika ukoo wangu. Sasa itabidi nimwambie ninaye mmoja na dirisha lake.

Nisikilize basi. Ile barua ya mtume hukuandikiwa wewe. Waliandikiwa watu fulani waliokuwa wamegombana, na barua ilipoandikwa ugomvi ulikuwa umeshapamba moto. Wewe unaingia ukiwa umechelewa sana na unasikia sauti ya mtu mmoja tu, anayewajibu watu usiowaona. Mfafanuzi ni yule anayekuvuta pembeni na kukuambia nani alimfanyia nani nini, wapi, na nani alibaki na njaa. Bila yeye utaamua kesi ya watu usiyoijua, tena kwa sauti kubwa, mbele ya watu mia tatu wanaoamini kwamba unajua. Sauti unayo, najua, nilikulea miaka miwili na majirani walihama. Ndiyo maana nina wasiwasi.

Upana wa chumba una maana yake. Sikwambii ni ipi. Soma.

Muhtasari haupo. Muhtasari ni wewe: nisome mimi kwa kirefu, kisha wafupishie wao.

Msalimie mama yako. Mwambie nimemuulizia. Akitaka kujua nimemuulizia vipi, mwambie vizuri.

Mama yako mkubwa


20 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mke wangu sasa anatembea akiwa ameshika kiuno, na mtoto hajaacha mateke. Mama nilimfikishia salamu zako neno kwa neno. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kushona.

Furahi: dirisha sasa nimelishikiza kwa jiwe.

Ulinichokoza na ukafaulu. Mzee wa Funguo alikuwa amenijia na malalamiko kuhusu watu wanaoingia kanisani wamechelewa, wengine na nguo za kazi, na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya Bwana bila maandalizi yoyote. Aliniuliza, "Mchungaji, Maandiko yanasemaje?" Safari hii sikujibu kwa sauti na magoti. Jumamosi nilifungua Ufafanuzi wako, nikatafuta pale mtume anapowaonya wanaoula mkate na kukinywea kikombe kwa namna isiyofaa, nikasoma ukurasa wa 412, wa 413 na wa 414.

Nani alisema wasomi hawana moto? Kurasa zile zinawaka. Kwamba anayekuja mezani bila kujipima anajiletea hukumu. Kwamba meza ni takatifu na kiongozi amewekwa mlinzi wake. Kwamba upole unaomruhusu kila mtu apite si upole bali ni uzembe wa mchungaji. Hoja juu ya hoja, na chini yake tanbihi zimejipanga kama askari. Nilihubiri dakika arobaini, hakuna aliyekohoa.

Wazee walikutana juma hilo hilo na kupitisha utaratibu. Sasa kuna kikao cha maandalizi kila Jumamosi jioni. Aliyehudhuria jina lake linaandikwa, na ambaye jina lake halimo hashiriki. Wimbo wa tatu ukiisha, Mzee wa Funguo anafunga mlango. Kanisa limetulia. Askofu amesikia na amenipigia simu kunipongeza. Wanasema mwezi wa tisa kuna uhamisho, na lile kanisa kubwa la mjini halina mchungaji.

Wapo walioumia kidogo, sitaficha. Hawa wanawake wa kufulia wa hospitali wako kazini Jumamosi jioni, na zamu yao inaisha Jumapili saa mbili, wakati sisi tumeshaanza. Ni kumi na wanne. Mkubwa wao anaitwa Mama Pasi, hunyoosha mashuka ya wodi zote. Jumapili ya kwanza walikuta mlango umefungwa. Niliwaona kwa dirisha la chumba cha mavazi. Hawakugonga. Mama Pasi alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akavitazama, akavivaa tena, wakaondoka. Sikujisikia vizuri siku ile. Lakini ukweli ni ukweli, na wewe mwenyewe ndiye uliyeuandika.

Mwambie mhariri wako kwamba mchungaji amepatikana.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yako vile vile. Msalimie mkeo. Msalimie mama yako.

Fungua ukurasa wa 415. Kaa chini kwanza.

Mama yako mkubwa


6 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na moja, msichana, kilo tatu na nusu, na mapafu ya kwetu. Kwa sasa tunamwita Bibi Mdogo kwa kuwa anakunja uso kama mama akivuta uzi kwenye sindano. Mke wangu yuko salama na anaanza kunionea huruma, kwa sababu zifuatazo.

Nimeukalia ukurasa huo mwezi mzima. Mstari wa kwanza: hoja hii, pamoja na nguvu zake zote, haisimami. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya ukurasa. Jumamosi ile nilifika mwisho wa 414 saa kumi, mtu akabisha hodi kuhusu mazishi, nikaweka alama pale nikiamini nimemaliza. Sikufungua tena. Nilipanda mimbarini na hoja uliyoijenga ili uibomoe, nikaihubiri dakika arobaini.

Na sasa nimeuelewa upana wa chumba. Kwamba waumini wale walikutana kwenye nyumba ya tajiri, na chumba cha kulia kilitosha watu tisa hivi. Kwamba wenye nafasi walifika mapema, wakaketi ndani, wakala na kushiba. Kwamba vibarua na watumwa walifika jioni kazi ikiisha, wakabaki uani, wakakuta makombo. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna isiyofaa ya kula. Mtume hakuwa anawafukuza waliochelewa. Alikuwa anawagombeza waliokwisha kula bila wao, na dawa aliyowapa ilikuwa moja tu, kwamba wangojane.

Kwa hiyo mimi nimehubiri barua hiyo kichwa chini miguu juu. Nimewafungia mlango wale wale ambao barua iliandikwa kwa ajili yao.

Lakini nina hasira na wewe pia, na nitaisema. Ni nani anayepika chungu kizima kisha anakimwaga? Kama hukuamini, kwa nini uliandika kurasa tatu? Mistari miwili ingetosha: wapo wasemao hivi, wamekosea. Na usiniambie ni uungwana wa wasomi. Nimezisoma tena. Wengine unapoeleza mawazo yao nasikia mwalimu akisimulia. Pale nasikia mtu anayeamini kila neno.

Sijamwambia mtu. Nina miezi minane tu hapa. Nikisimama niwaambie wazee kwamba kanisa limefunga mlango kwa sababu mchungaji hakufunua ukurasa, nitakuwa nimemwaga unga wangu mwenyewe, na kanisa la mjini nitalisikia kwa wengine. Najiambia utaratibu utalegea wenyewe kidogo kidogo. Nani atajua? Mimi, wewe, na yeyote atakayefika ukurasa wa 415, ambaye kwa maneno ya mhariri wako hayupo.

Ila yupo mmoja. Wiki iliyopita nilimkuta mama ofisini amesimama na kitabu chako, kidole chake kwenye 413. Aliniuliza, "Haya dada aliyaandika lini?" Nikamwambia kitabu kilitoka miaka sita iliyopita. Akasema, "Hapana. Haya ni ya zamani zaidi." Akakifunga, akakirudisha mezani akikinyoosha kona, akatoka. Hakugusa cherehani siku mbili.

Kuna nini, Mama Mkubwa?

Mwanao


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hongera, na mwambie mkeo hongera yake ni kubwa kuliko yako. Nimeweka picha ya Bibi Mdogo mezani na mara kwa mara ananikunjia uso, nami nastahili.

Barua hii nimeiandika mara nne. Nimefundisha miaka thelathini na mbili na sijawahi kushindwa na karatasi.

Umeuliza ni nani anayeandika kurasa tatu za kitu asichokiamini. Hakuna. Nilikiamini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu mpya wa chuo, msichana wa kwanza wa mtaa wetu kusoma lugha za Maandiko, na kichwa kilikuwa kimevimba mpaka mlangoni napita kwa ubavu. Wazee wa kanisa la nyumbani walikuwa na shauri gumu, wakaniita niwaeleze mtume anasemaje. Nilijiandaa wiki nzima. Nilisimama mbele yao na kusoma kurasa nilizoziandika kwa mkono, na hakuna aliyekohoa. Unaijua raha hiyo. Nilipokuja kuandika kitabu, sikuhitaji kwenda mbali kutafuta hoja ya upande wa pili. Ilikuwa sandukuni kwangu, kwa mwandiko wangu.

Mtu aliyekuwa akijadiliwa ni mdogo wangu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na marehemu baba yako alikuwa bado hajaja kujitambulisha nyumbani. Mimba yenyewe ni wewe, kwa hiyo kikao hicho ulihudhuria.

Aliketi benchi la nyuma akanisikiliza mwanzo hadi mwisho. Sikumtaja jina. Nilidhani kutomtaja ndiyo huruma. Wazee wakapiga kura, wakamtenga na meza ya Bwana. Nilipotoka nilimkuta barazani peke yake, ametazama juu. Nikamuuliza anafanya nini pale. Akasema, "Naangalia mvua." Hapakuwa na wingu.

Baba yako alipomuoa, wazee walimrudisha. Yeye ndiye ambaye hakurudi. Hajawahi kunitupia neno kali hata siku moja. Alinipa wewe nikulee miaka miwili alipokuwa mgonjwa, akanipokea kila nilipokwenda, akanipikia. Ila tangu siku ile hajaniita dada nikiwa nimesimama mbele yake. Umeniandikia kwamba amesema "dada" akiwa na kitabu mkononi. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko barua nyingine yoyote uliyonitumia.

Miaka kumi na moja baadaye ndipo nilipoirudia ile barua ya mtume taratibu, bila mtu wa kumshinda kwa hoja. Nikapima vile vyumba vya kulia, nikahesabu viti, nikawaona walioachwa uani, na nikaelewa nilichomfanyia mdogo wangu. Mtu mwingine angepanda basi siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa chini nikaanza kuandika kitabu. Nimeandika kurasa mia saba na themanini ili nisiandike barua moja. Ilikuwa rahisi zaidi kuiambia dunia, kwa sababu dunia haikuwa imekaa benchi la nyuma.

Hilo ni langu. Sasa lako.

Usiniletee habari za kumwaga unga. Umekosa kwa sababu hukufunua ukurasa, na umekosa kwa miezi mitatu. Mimi nilikosa kwa sababu ukurasa wenyewe ulikuwa haujaandikwa, na nikakaa na kosa hilo miaka thelathini na mitatu. Kati yetu wewe una nafuu kubwa, itumie. Ufafanuzi haukukingi usikosee. Ungekuwa unakinga, nisingekuwa na cha kukusimulia. Faida yake ni kwamba ukurasa unaofuata upo pale pale, umechapwa, haupepesi macho, haujali askofu amekupigia simu wala umeahidiwa kanisa gani. Mchungaji asiye na kitu cha namna hiyo mezani kwake hana wa kumwambia hapana. Wazee watamwogopa, waumini watampenda, na yeye ataendelea kufunga milango kwa sauti nzuri.

Na mimi nimejifunza kitu kutoka kwako, ingawa kwa njia mbaya. Katika chapa ya pili maneno "hoja hii haisimami" yatakaa juu ya ukurasa wa 412, kabla ya hoja yenyewe. Nilikuwa naona fahari kumwacha msomaji aipende kwanza, kisha nimwangushe. Sikuwa nimemfikiria mtu anayesoma Jumamosi saa kumi na mazishi mlangoni. Mhariri nimemruhusu akate utangulizi wote, ulikuwa wa kujisifu. Upana wa chumba hagusi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Ni ya mama yako. Usiisome.

Mama yako mkubwa


15 Agosti

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Bibi Mdogo ameanza kucheka, ingawa si kwangu. Mke wangu anakusalimu na anasema ukija ulete yale majani ya chai ya kwenu.

Karatasi nilimpa mama siku ile ile. Aliipima mkononi, hakuifungua, akaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano. Sikuuliza.

Jumamosi nilikwenda kwenye jengo la kufulia. Miezi yote hii tunatenganishwa na ukuta mmoja na sikuwahi kuingia. Ndani ni mvuke tu, husikii neno, na sakafu imelowa. Mama Pasi alikuwa anakunja mashuka na mwenzake. Nilianza hotuba yangu. Alinikatiza, akasema, "Mchungaji, shika ncha hiyo," mwenzake akaenda kwenye mashine. Basi nikawa nakunja: unarudi nyuma, unavuta, unakuja mbele, unampa ncha. Nilimweleza kosa langu lote hivyo hivyo, nikienda na kurudi. Tulikunja mashuka kama arobaini kabla hajanijibu.

"Sisi tulisema mchungaji amesoma," aliniambia. "Mtu aliyesoma akikufungia mlango, unarudi nyumbani unatafuta kosa lako. Mimi nimelitafuta miezi minne."

Nikamwomba msamaha tena, safari hii bila hotuba.

Akauliza, "Zamu inaisha saa mbili. Kuna kukabidhi, kuna kunawa. Mtatungoja?"

Nikamwambia tutawangoja.

Jumapili nilipanda na Ufafanuzi wako mimbarini, wote. Niliwaonyesha alama yangu mahali ilipokuwa, nikafunua ukurasa mbele yao, nikasoma mstari wa kwanza wa 415. Nikawaeleza chumba cha watu tisa na ua uliojaa vibarua. Nikawaambia utaratibu tuliouweka ndilo kosa lile lile ambalo barua iliandikwa kulikomesha, na kwamba si wao waliokosa kusoma bali ni mimi. Sauti haikukatika. Nadhani hiyo nimeitoa kwako.

Mzee wa Funguo alisimama. "Kwa hiyo mchungaji, nimewafungia watu mlango kwa sababu wewe hukufunua ukurasa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nitamwandikia askofu."

"Ni haki yako, mzee."

Amemwandikia, na nakala akanipa nisaini kwamba nimeipokea. Askofu hajajibu. Kanisa la mjini silihesabu tena, na nashangaa jinsi ninavyolala vizuri. Lakini Jumatatu asubuhi Mzee wa Funguo alikuja ofisini, akasimama, akajikuna kidevu, akaomba kuazima kitabu. Anasema hawezi tena kuniamini mpaka aone mwenyewe ukurasa wa 416 unasemaje. Nimemwazima. Alisaini.

Basi Jumapili hiyo tulingoja. Saa mbili ilipita, na robo, na nusu. Kwaya ya kwanza ilimaliza nyimbo zake, ikalazimika kumwomba mpiga kinanda wa kwaya ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliziona zikiimba pamoja. Mkate na kikombe vilikuwa mezani vimefunikwa. Mvua ikaanza, kubwa, ya kupiga mabati mpaka kinanda hakisikiki. Nikamwona mama anainuka polepole kutoka benchi la nyuma kama kawaida yake, anaelekea mlangoni. Nikajisemea, hata leo.

Alifungua mlango akausukuma wote mpaka ukutani, akausimamia. Kisha nikawaona wanakuja wanakimbia uani, wameshika mapande ya nailoni vichwani, Mama Pasi mbele, na mama anawahesabu wanavyoingia. Kumi na wanne. Wa mwisho alipopita, mama hakubaki nje. Alifunga mlango nyuma yao, akajifuta uso kwa kitambaa, akafuata mstari. Alikuja mpaka mbele. Alisimama mbele yangu akakunjua mikono yake ya miaka hamsini na kitu, imechomwa sindano kila mahali, nami ndiye niliyempa mkate. Nililia, sitakuficha. Mke wangu anasema mkate niliumega vibaya, wengine walipata kipande kikubwa, wengine chembe.

Jana nilimkuta mama kwenye cherehani na karatasi yako imefunguliwa magotini. Sijui uliandika nini na sitauliza. Aliikunja, akanyoosha kona zake, akaniambia nichukue kalamu niandike maneno yake kama yalivyo. Nami nayaandika:

"Mwambie dada aje. Jumapili yoyote. Gari likichelewa asihangaike, tutamngoja ndipo tule."

Mwanao